Hesabu ya Ghorofa na Tangi Lililopitisha Mwanga

Ukitaka kujua kama tangi la mbao limeungwa vizuri, vijana wangu, ingia ndani yake mchana, mwambie mwenzako afunike juu kwa turubai, kisha ukae kimya utazame kuta. Kama ni kazi ya fundi, utakaa gizani kama mtu aliyefunikwa na sufuria. Ukiona uzi mmoja wa mwanga, usiogope sana, kwa sababu mbao hufura zikilowa na uzi utazibika wenyewe. Lakini hakuna ubao unaofura kiasi cha kuziba robo inchi.

Siku ninayotaka kuwasimulia niliingia ndani ya tangi lenye upana wa futi ishirini, na turubai halikuhitajika. Kati ya kila ubao na mwenzake palikuwa na ufa, na kila ufa ulikuwa sawa na mwingine, robo inchi na ushei, kuzunguka duara zima. Ng'ombe wa mwenye shamba walikuwa wakila nyasi nje, nikawaona vipande vipande, kana kwamba nawachungulia kupitia tenga. Mbao zile nilikuwa nimezikata mimi. Nilikuwa nimezipima kabla ya kukata na baada ya kukata, na kipimo hakikuwa kimepotoka hata unywele. Nilisimama pale katikati nikiwa na nyundo mkononi, mdomo wazi. Nimezeeka, nimezika watu, nimeona mengi, lakini mshtuko ule haujanitoka mpaka leo.

Mahali penyewe ni upande wa Gilgil, si mbali na Kikopey, hapo mnaposimamisha magari yenu mkale nyama choma. Ilikuwa miaka ya hamsini, na nchi ilikuwa katika Hali ya Hatari. Karakana yetu ilikuwa Nakuru, nyuma ya stesheni. Kazi yetu ilikuwa matangi: ya maji, ya kuchovyea ngozi, ya maziwa. Mti ulikuwa mtarakwa, ulioletwa kwa lori kutoka Elburgon, na mpaka leo nikisikia harufu ya penseli iliyochongwa upya nageuka kutafuta randa yangu. Mwenye karakana alikuwa mzungu mmoja tuliyemwita Bwana Pipa, kwa kazi yake na kwa tumbo lake. Mimi, Wafula, nilikuwa mkataji. Mpimaji alikuwa Fundi Gathogo, na yeye ndiye aliyenifundisha kila kitu ninachowaambia hapa.

Gathogo alikuwa mtu mwembamba, mwenye sauti ndogo, aliyependa kuimba nyimbo za kanisani akifanya hesabu. Ungejua amefika wapi kwenye hesabu kwa kusikiliza wimbo: ukipanda, anazidisha; ukinyamaza katikati ya ubeti, amekwama. Hakuwahi kunipiga wala kunitukana, ila akiona nimekata vibaya alikuwa akiniuliza kwa upole, "Wafula, huo ni ubao au ni maoni yako?"

Niwaambie kwanza desturi yetu moja, kwa sababu ndiyo iliyoficha ugonjwa miaka mingi. Tangi la mbao ni mbao nyembamba zilizosimamishwa wima kuzunguka sakafu ya duara, zikabanwa na pete za chuma. Sisi hatukukata mbao zote karakanani. Ubao wa mwisho tuliuacha mpana, tukaubeba hivyo hivyo hadi shambani, tukausubirisha mpaka wenzake wote wamesimama, ndipo tukaupima kwenye pengo lililobaki na kuukata hapo. Ubao huo tuliuita mkwe. Gathogo alisema mkwe hapimwi kwenu, anapimwa mlangoni pake. Kila tangi lilikuwa na mkwe, na katika matangi makubwa mkwe alitoka mpana kuliko wenzake kwa inchi nzima hivi. Tulicheka, tukasema mbao zimenyauka njiani kwa jua la Nakuru, tukaendelea na kazi. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mbao hunyauka zaidi tangi likiwa na mbao nyingi.

Sasa hesabu yenyewe. Msiruke hapa, maana bila hesabu hii hamtaelewa kwa nini mtu alifungiwa stoo.

Chora duara. Ndani yake chora umbo la pande sita. Kila upande unalingana na nusu kipenyo, hilo linajulikana hata na mtoto wa shule. Gawa kila upande mara mbili, upate pande kumi na mbili. Gawa tena, ishirini na nne. Tena, arobaini na nane. Tena, tisini na sita. Kila upande ni ubao mmoja, na swali ni lile lile: ubao huo uwe na upana gani?

Gathogo alikuwa na njia aliyofundishwa na fundi wa Kihindi huko Kisumu. Unaanza na kipeuo cha pili cha tatu. Unaongeza mbili, unatafuta kipeuo cha jumla hiyo. Unaongeza mbili tena, kipeuo tena. Unapanda hivyo mpaka vipeuo, pamoja na kile cha tatu, viwe sawa na mara ulizogawa pande. Ukifika juu kabisa huongezi tena: unachukua mbili, unaondoa ulichonacho, unatafuta kipeuo cha kilichobaki, kisha unazidisha kwa nusu kipenyo cha tangi. Kwa mbao tisini na sita inaandikwa hivi:

√(2 − √(2 + √(2 + √(2 + √3))))

Karakanani tuliiita ghorofa. Vipeuo tulivisoma kwenye kijitabu cha majedwali ya tarakimu nne, kilichochakaa kurasa mbili tu, zile za vipeuo. Kurasa nyingine zote, za sini na kosini, zilikuwa safi kama zilivyotoka dukani.

Mtaniuliza, mbona hamkuchukua mzingo wa duara mkaugawanya kwa tisini na sita? Nami nilimuuliza Gathogo, na ndiyo siku pekee aliyonikunjia uso. Alisema mzingo umepinda na ubao umenyooka. Anayegawanya mzingo anakata ubao mpana kuliko inavyotakiwa. Aliwahi kumwona mtu akitengeneza pipa la mbao kumi na mbili kwa njia hiyo, na likakataa kufunga. Aliiita njia ya mvivu. Alikuwa na haki kuhusu pipa la mbao kumi na mbili, na hapo ndipo penye kunishangaza zaidi, kama mtakavyoona.

Tangi la Gilgil lilikuwa la kwanza la aina yake kwetu. Lilikuja na pete ya chini ya chuma, yenye matundu tisini na sita ya bolti, kila ubao na tundu lake. Pete ilishushwa stesheni ya Gilgil ikaenda moja kwa moja shambani, hatukuiona. Kwa hiyo mara ya kwanza katika maisha yetu tulikata mbao zote karakanani, tukazitoboa tundu katikati ya ncha ya chini, bila kuacha mkwe. Gathogo hakulipenda jambo hilo. Alisema tangi lisilo na mkwe ni nyumba isiyo na mgeni, halina wa kuvumilia makosa. Tulicheka.

Akaimba nyimbo zake, akapanda ghorofa yake, akapata inchi saba na nukta hamsini na nane. Akanichongea kijiti cha kipimo, nikakata.

Na sasa mnajua nilivyofika ndani ya lile tenga.

Bwana Pipa alikuja na gari lake kushuhudia, pamoja na mwenye shamba. Alizunguka nje polepole, akipitisha kidole cha shahada juu ya kila ufa. Nilimwona usoni akibadilika. Mwanzo alikuwa na hasira ya kawaida, ile ya kupiga teke ndoo. Kadiri alivyozunguka, hasira ilipoa, ikawa kitu kingine kibaya zaidi. Alipomaliza duara alisimama mbele ya Gathogo, akasema kwa Kiswahili chake cha walowezi, taratibu:

"Hii hapana kosa. Kosa nakuja mara moja, nakuja mara mbili. Hii nakuja mara tisini na sita, sawa sawa. Hii mtu nafanya kwa akili."

Ninyi mliozaliwa baadaye hamwezi kusikia maneno hayo kama tulivyoyasikia. Gathogo alikuwa Mkikuyu. Wakati ule, Mkikuyu aliyeharibu mali ya mzungu kwa makusudi hakufukuzwa kazi tu. Alipelekwa kwenye mchujo, kuhojiwa kama amekula kiapo, na kutoka mchujoni kizuizini, na mkewe na watoto wakapakiwa kwenye lori na kushushwa mbali. Mke wa Gathogo, Mama Wanjiru, alikuwa na mtoto mchanga mgongoni majira hayo. Wote tuliokuwa pale tulilijua hilo, na Gathogo alilijua kuliko wote. Hakujitetea. Alikuwa akizitazama nyufa kama mtu anayesoma barua ya msiba wake mwenyewe.

Kisha Bwana Pipa akanigeukia. "Wewe nakata. Nani nasema wewe kata hii?"

Nilisema fundi ndiye aliyenipa kijiti. Ulikuwa ukweli, na ulitoka mdomoni kama jiwe. Akataka kijiti, akakilinganisha na ubao, vikalingana. Akatikisa kichwa kama mtu aliyethibitisha jambo.

Tulirudi Nakuru. Gathogo alifungiwa katika stoo ya misumari, na Bwana Pipa akapiga simu mbele yetu. Tukaambiwa inspekta wa polisi atakuja kesho asubuhi. Nilijifanya naokota vipande vya mbao karibu na ukuta wa stoo. Gathogo alinisikia. Sauti yake ilitoka penye nafasi kati ya mabati, ndogo kama kawaida.

"Wafula, rudia ile hesabu. Kama nimekosea, uniambie wewe kabla hawajaniambia wao."

Nilibeba kijitabu cha majedwali chini ya shati nikaenda landhi za reli, zile nyumba za wafanyakazi, kwa Mwalimu Onyango. Huyu alikuwa jirani yetu, amesoma shule kubwa, anafundisha hesabu katika shule ya misheni, na alikuwa na ulimi mchungu na moyo wa asali. Jua lilikuwa bado lipo. Nilimkuta nje anapiga pasi suruali yake ya kazi, pasi ya makaa, na alinisikiliza bila kuacha kupiga pasi. Nilipomaliza alisema kwamba katika miaka yake ya ualimu amekuta kila aina ya kosa ambalo binadamu anaweza kufanya kwenye vipeuo, na hili atalipata kabla makaa hayajapoa.

Alichukua chaki, akapiga magoti kwenye saruji ya baraza, akapanda ghorofa. Kipeuo cha tatu, 1.732. Ongeza mbili, kipeuo, 1.932. Ongeza mbili, kipeuo, 1.983. Tena, 1.996. Sasa mbili ondoa hiyo: 0.004. Kipeuo chake, 0.0632. Mara inchi mia moja na ishirini. Saba na nukta hamsini na nane.

Akafuta kwa kiganja. Akaanza upya, safari hii akisoma kila namba kwa sauti, nami nikifuata kwa kidole kwenye kijitabu. Saba na nukta hamsini na nane.

"Wafula," akasema, bado amepiga magoti, "hapa hakuna kosa."

Nikamuuliza mbona basi tangi linapitisha mwanga.

"Tangi sijui. Mimi ni mwalimu, matangi siulizwi." Lakini aliyasema kwa sauti ya mtu anayeogopa. Harufu ya kuungua ikatufikia; ilikuwa suruali yake. Hakugeuka hata kuitazama. Mkewe akatoka, akaiona suruali, akamwona mumewe kwenye saruji, akanitazama mimi kama niliyemleta mganga, akarudi ndani.

Hebu fikirini jambo hilo. Watu wawili, siku mbili tofauti, mmoja fundi na mwingine mwalimu. Njia ni sahihi. Kila hatua ni sahihi. Jibu si la kweli. Mimi nilidhani kama kila hatua ni ya kweli, mwisho hauna budi kuwa wa kweli. Nilihisi kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo.

Mwalimu alirudi kwenye ile namba ya kwanza, kipeuo cha tatu. Aliitazama muda mrefu, akaandika kando yake: mbili mara kosini ya digrii thelathini. Akafungua kijitabu kwenye zile kurasa safi. Kosini ya thelathini, 0.866. Mara mbili, 1.732. Ndiyo ile ile.

Halafu akaanza kuandika haraka, na hapa nawaomba mchukue kalamu. Kuna kanuni ya pembe mnayofundishwa darasani na kuisahau siku ya pili ya likizo: ukichukua mbili mara kosini ya pembe yoyote, ukaongeza mbili, ukatafuta kipeuo, unapata mbili mara kosini ya nusu ya pembe ile.

√(2 + 2 kosini A) = 2 kosini (A ÷ 2)

Kwa hiyo ghorofa ya kwanza ni kosini ya thelathini mara mbili. Ya pili ni ya kumi na tano. Ya tatu, saba na nusu. Ya nne, tatu na robo tatu. Kila tulipopanda jasho likitutoka, tulikuwa tunakata pembe katikati tu, basi. Na ule mlango wa juu, wenye kuondoa badala ya kuongeza, una ndugu yake:

√(2 − 2 kosini A) = 2 sini (A ÷ 2)

Ghorofa nzima, vipeuo vitano vilivyokaliana mabegani, ni mbili mara sini ya digrii moja, dakika hamsini na mbili na nusu. Mwisho. Mwalimu aliinama juu ya maandishi yake kama mtu aliyefungua kabati akakuta chumba.

Alisoma sini hiyo jedwalini: 0.0327. Mara mbili, 0.0654. Mara mia moja na ishirini: inchi saba na nukta themanini na tano. Tulipungukiwa na robo inchi na ushei kwa kila ubao. Ule ufa wenyewe.

Nikakumbuka njia ya mvivu, nikamwomba agawanye mzingo kwa tisini na sita. Kwa ishirini na mbili juu ya saba ikatoka saba na nukta themanini na sita. Nilikaa chini kwenye saruji. Njia tuliyoidharau ilikuwa karibu na ukweli kwa kiasi ambacho randa isingeona, na njia ya uangalifu ilikuwa imetupa tenga. Kwa mbao kumi na mbili Gathogo alikuwa sahihi. Kwa tisini na sita, upande umekuwa mfupi hivi kwamba kupinda na kunyooka ni kitu kimoja.

Lakini kosa limeingilia wapi? Mwalimu alinionyesha, nami nawaonyesha. Tazameni 1.996. Jedwali lina tarakimu nne tu, limekata mkia. Kwa kweli ni 1.9957 na kidogo. Kosa lake ni dogo mno, halina madhara kwa mtu yeyote, mpaka uiondoe kwenye mbili. Hapo ile namba kubwa yote inatoweka, na kinachobaki mkononi ni ule mkia tu. Ilipaswa kubaki 0.0043, imebaki 0.0040. Ni kama kutaka kujua uzito wa kuku kwa kupima lori kwenye mizani ya stesheni likiwa na kuku, kisha bila kuku. Mizani ni nzima, lori ni zima, ila kuku humjui. Na kadiri mbao zinavyoongezeka, kuku anakuwa mdogo na lori linabaki lile lile. Ndiyo maana mapipa yetu yalifunga vizuri, na matangi makubwa yakaanza kuwa na wakwe wapana.

Ikiwa mtachukua neno moja kutoka kwa mzee huyu, chukueni hili: mkiona kuondoa kati ya namba mbili zinazokaribiana, simameni. Tafuteni njia ya kuiandika upya hesabu ili kule kuondoa kutoweke, kabla hamjagusa jedwali. Mjukuu wangu anafanya kazi Olkaria, kwenye mvuke, ana simu inayotoa tarakimu kumi na mbili. Ananiambia babu, siku hizi hilo halipo. Nikamwambia agawanye pande mara ishirini kwa njia ya ghorofa kwenye hiyo simu yake. Alinipigia baadaye, akasema simu imempa ubao wenye upana wa sifuri.

Nilisimama kwa furaha, tayari kukimbia kwa Bwana Pipa na ile saba na nukta themanini na tano. Mwalimu akanishika mkono.

"Jibu sahihi litamfunga," akasema.

Sikuelewa.

"Fikiri, Wafula. Ukimpelekea jibu sahihi, atasema: kumbe lipo, mstari mmoja tu, jedwalini, kwenye kijitabu chake mwenyewe, na fundi wake hakulitumia. Hiyo si ndiyo makusudi? Usimwonyeshe fundi alipaswa kufanya nini. Mwache afanye alichofanya fundi."

Sikulala vizuri. Asubuhi niliwahi karakanani kabla ya inspekta. Bwana Pipa alikuwa ofisini na chai yake. Nilivua kofia. Nilimwambia kwamba mimi ndiye niliyekata, na inspekta ataniuliza, na sitaki kusema nisilolijua. Kwa hiyo namwomba Bwana, aliyesoma, aifanye hesabu ya fundi hatua kwa hatua, anionyeshe mahali fundi alipodanganya, ili nami niweze kupaonyesha. Alinitazama kwa shaka. Lakini alikuwa amewahi kuwa injinia jeshini na alipenda ijulikane. Akavuta karatasi.

Nilimsomea ghorofa, naye akasoma vipeuo mwenyewe. Aliandika vizuri, namba zimenyooka kama mbao. Kila ghorofa alisimama akaikagua, akiwinda, na kila ghorofa alikuta iko sawa, akaniambia, "Hapa mzuri." Akafika juu. Mbili ondoa 1.996. Kipeuo. Mara mia moja na ishirini.

Kalamu ikasimama juu ya ile saba na nukta hamsini na nane.

Alichukua karatasi ya pili. Safari hii hakuniambia hapa mzuri. Alipofika kwenye namba ile ile mara ya pili, damu ilimpanda shingoni, na chai ilikuwa imeganda utando juu. Nilimwona akitazama mkono wake mwenyewe. Nimewaona watu wakishtuka kwa nyoka, kwa moto, kwa simu ya kifo. Sijapata kumwona mtu mwingine akishtushwa na mkono wake.

Hapo ndipo nilipomwekea mbele ile sini ya Mwalimu.

Inspekta alifika na askari wawili. Walizungumza Kiingereza, sikushika yote. Niliona Bwana Pipa akimsogezea karatasi na kalamu, na nikamwona inspekta akirudi nyuma hatua moja na kusema kitu kifupi, ambacho karani wa ofisini alitutafsiria baadaye: kwamba yeye hakuja kufanya mtihani. Alitaka jina la mtu. Bwana Pipa alisema hana jina la kumpa. Inspekta aliuliza tena. Bwana Pipa, kwa sauti ya chini, akajibu kwamba kama analazimika kuchukua aliyefanya hesabu hii, basi yuko mbele yake, na wino wake haujakauka. Inspekta akavaa kofia, akaondoka na askari wake, na lori lao likaondoka tupu.

Bwana Pipa alifungua stoo kwa ufunguo wake mwenyewe. Hakuomba radhi, wakati ule hawakutuomba radhi. Alisema tu, "Toka. Kazi iko," akarudi ofisini akafunga mlango.

Gathogo alitoka akipepesa macho, mabega yamejaa vumbi la chuma. Mama Wanjiru alikuwa amesimama langoni na mtoto tangu alfajiri, na Gathogo hakumwendea kwanza. Alinijia mimi.

"Nilikosea wapi?"

"Hukukosea, fundi."

"Ghorofa zote?"

"Zote. Mwalimu amezipanda, Bwana amezipanda. Wote wametoka pale pale ulipotoka."

"Na mbao zimeharibika."

"Zimeharibika zote."

Nilitarajia acheke, au alie, au amshukuru Mungu wake. Alishika ukingo wa meza ya kukatia.

"Afadhali ningekosea," akasema. "Mtu aliyekosea anajua pa kushika."

Kisha akamfanyia mkewe ishara ya mkono kwamba anakuja, akavuta kipande cha mtarakwa, akakifuta vumbi kwa mkono wa shati, akanipa penseli, na akaniambia nianze polepole, kuanzia pande sita.